Kabla ya Mabegi na Matofali, Mshahara wa Mwalimu

Pale Custom, soko na stendi ya mabasi jijini Juba, kazi ambayo mtoto wa miaka kumi anaweza kuipata bila kuulizwa chochote ni kupiga kiwi. Mtaji wake ni brashi mbili, kopo la rangi na kisanduku cha mbao anachokigonga kwa mgongo wa brashi ili mpita njia atupie jicho viatu vyake mwenyewe. Wenzake huokota chupa tupu za maji katikati ya boda boda na mabasi madogo, na wakubwa kidogo husukuma mizigo ya wanunuzi. Saa nne asubuhi, siku ya shule, wako kazini. Mtu mwenye moyo akiwaona hujiambia kwamba watoto hawa wachangiwe wasome, na michango kwa kweli haikosi: makanisa huchangisha, misikiti huchangisha, mashirika ya nje huchangisha, na Wasudani Kusini walioko Marekani na Australia hutuma walichojaliwa. Swali langu ni juu ya kinachonunuliwa kwa fedha hizo. Hununua mabegi, madaftari na sare. Hulipa ada ya mtoto mmoja mmoja. Zikiwa nyingi huwa matofali na mabati. Anayesahaulika ni mwalimu, na pengo kubwa liko kwake. Ninachodai ni kwamba anayetaka kuchangia elimu ya mtoto maskini Juba, pauni yake ya kwanza aitoe iwe mshahara wa mwalimu wa shule ya serikali, na mengine yote yafuate nyuma yake.

Tuanze na hali ilivyo. UNICEF imekuwa ikikadiria kwamba watoto wapatao milioni 2.8 nchini Sudan Kusini hawako shuleni. Katiba ya mpito ya mwaka 2011 inasema elimu ya msingi ni bure na ya lazima, na mwaka 2023 Rais Salva Kiir akatangaza upya kwamba shule za umma za msingi na sekondari zisitoze ada. Tangazo halina ubaya wowote, ila halina mshahara ndani yake. Desemba 2015 serikali ilipoiachia pauni ielee, dola moja iliyokuwa ikibadilishwa rasmi kwa chini ya pauni 3 iliruka ikafika kama 18, na miaka hii ya karibuni inahesabiwa kwa maelfu. Muulize yeyote mwenye mabunda ya noti mezani pale sokoni. Mshahara wa mwalimu wa msingi haukupanda ngazi hiyo. Ulibaki chini hadi ukawa sawa na dola chache tu kwa mwezi, na hizo chache nazo zikawa haziji. Bomba la mafuta linalopita Sudan lilipopasuka Februari 2024, nchi inayotegemea mafuta kwa karibu mapato yake yote ilikauka, na watumishi wa umma wakakaa miezi mingi bila kulipwa. Mwalimu afanyeje? Mwenye Kiingereza kizuri alikwenda kwa mashirika. Mwenye nguvu alikodi pikipiki. Aliyebaki darasani amebaki kwa sababu ya umri, imani, au kukosa pa kwenda, na wazazi wakaanza kuombwa pesa kidogo za kumtuliza, hivyo ada iliyofukuzwa mlangoni ikarudi kupitia dirishani. Mzazi asiyekuwa nayo ndiye ambaye mwanawe utamkuta Custom na kisanduku chake.

Kwa nini mchango haufiki kwa huyu mtu? Jibu ni la kibinadamu, wala halihitaji kutafutiwa mwenye hila. Jengo lina ukuta wa kubandika jina la mfadhili. Mtoto ana uso wa kupigwa picha akiwa na begi jipya mgongoni. Mshahara huliwa: mwisho wa mwezi umekwisha, na mwezi ujao mtu ameketi hapo hapo anahitaji mwingine. Hakuna utepe wa kukata. Kenya, jirani wa Sudan Kusini, ililipitia jambo hili mapema na kwa kishindo. Baada ya uhuru, wananchi waliitikia wito wa harambee kwa shauku kubwa hata kufikia miaka ya 1970 shule za sekondari za harambee zikawa nyingi kuliko za serikali. Watu walitoa mbuzi, kuku, mbao na siku zao za kazi, na ni haki wasifiwe kwa hilo. Lakini kuta ziliposimama, shule nyingi kati ya hizo zilifundishwa na vijana waliomaliza shule juzi, bila mafunzo, na kazi ya kamati ikageuka kuwa kubembeleza serikali iwapelekee walau mwalimu mmoja mwenye cheti. Wanasiasa nao walishajua kwamba fedha taslimu mbele ya umati kwa ajili ya paa huleta kura. Mpaka leo wazazi Wakenya wengi wanalipia walimu wa bodi, wale ambao Tume ya Huduma za Walimu haikuwaajiri, kwa sababu madarasa yalijengwa haraka kuliko walimu walivyoajiriwa.

Sudan Kusini nayo ina mfano wa kuheshimika. Mwaka 2006 mwandishi Mmarekani Dave Eggers alitoa kitabu kilichojengwa juu ya maisha ya Valentino Achak Deng, mmoja wa wavulana waliokimbia vita na kukulia kambini Ethiopia na Kakuma. Mapato ya kitabu yakaingia kwenye mfuko wa Deng, na mwaka 2009 shule ya sekondari ikafunguliwa Marial Bai, kijijini kwao, Bahr el Ghazal Kaskazini. Sioni harambee iliyo safi kuliko hiyo. Hata hivyo matofali ya Marial Bai yalilipiwa mara moja, na walimu wake wanadai mshahara kila mwezi, kitabu kiwe kinauzwa au kimesahaulika rafuni. Yeyote aliyewahi kuendesha shule ya wafadhili atakwambia kwamba siku ya ufunguzi ndiyo rahisi.

Utafiti wa kanda yetu unaelekeza huko huko. Huko Busia, Kenya, wachumi Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin waligawa vitabu vya kiada katika baadhi ya shule na kuzilinganisha na zisizopata. Alama za mtoto wa kawaida hazikupanda. Waliofaidika ni wale waliokuwa mbele tayari, kwa kuwa vitabu vilikuwa kwa Kiingereza na wengi hawakuweza kuvisoma. Tanzania, shirika la Twaweza lilifanya jaribio kubwa zaidi mwaka 2013 na 2014 katika shule za msingi 350: kundi moja likapewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, la pili likapewa ahadi ya bonasi kwa walimu kulingana na watoto waliofaulu majaribio, la tatu likapewa vyote viwili, na la nne halikupewa kitu. Ruzuku peke yake haikuinua alama. Bonasi peke yake ilileta matokeo yasiyoeleweka sawasawa. Vilipoungana, watoto walijifunza zaidi, tena kwa kiwango kilichozidi jumla ya kila kimoja kikiwa peke yake. Sitaki kulivuta jaribio hilo hadi pasipofika: walimu wa Tanzania walikuwa wakipata mshahara wao wa kawaida, na bonasi ilikuwa nyongeza juu yake. Lakini ikiwa pale penye mshahara vitabu na fedha za shule zilikwama hadi mwalimu alipoguswa, sioni sababu ya kutarajia miujiza kutoka kwa mabegi pale ambapo mshahara wenyewe haupo.

Tena jambo hili limekwisha kujaribiwa Sudan Kusini yenyewe. Kuanzia mwaka 2017 Umoja wa Ulaya uligharimia mpango wa kuwapa maelfu ya walimu wa shule za msingi motisha ya dola 40 kwa mwezi, na sharti lilikuwa dogo na la busara: alipwe aliyeonekana kazini. Dola 40 si mali, ila kwa mtu ambaye mshahara wake hautoshi unga wa wiki, ni tofauti ya kuamkia shuleni au kuamkia kwenye pikipiki. Mpango mwingine, ule wa elimu ya wasichana uliofadhiliwa na Uingereza tangu 2013 na unaojulikana kwa kifupi GESS, ulipeleka fedha mkononi mwa wasichana wa madarasa ya juu ya msingi na sekondari, na ruzuku kwa shule zenye kamati na bajeti. Mimi huvutiwa zaidi na kipande chake kimoja kisichosimuliwa sana: shule zilikuwa zikituma mahudhurio kwa ujumbe mfupi wa simu, shule zilizo mbali na lami na umeme zikiwemo. Kwa hiyo anayesema kwamba nchi hii haiwezi kujua nani kafika darasani leo na nani hakufika, amechelewa miaka kumi.

Hapo watanijia wenye hoja nzito kuliko zote, wale wanaolipia mtoto mmoja mmoja. Wana ushahidi, na si wa kudharau. Mchumi Bruce Wydick na wenzake walifuatilia watu wazima waliowahi kufadhiliwa utotoni na shirika la Compassion katika nchi sita, Kenya na Uganda zikiwemo, na mwaka 2013 wakachapisha kwamba ufadhili uliwaongezea kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu wa masomo. Halafu kuna Hilde Back, mwalimu aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler akiwa mtoto, akaishi Sweden, na kutoka huko akamlipia ada mvulana Mkenya ambaye hakuwa amewahi kumwona. Mvulana huyo, Chris Mburu, alifika Chuo Kikuu cha Nairobi, akaenda Harvard, akawa mwanasheria wa haki za binadamu katika Umoja wa Mataifa, kisha akaanzisha mfuko wa kusomesha wengine akaupa jina la mama yule. Nani atasema fedha ile ilipotea? Lakini angalia Mburu alilipiwa ada aingie wapi: aliingia katika shule zenye walimu walioajiriwa na kulipwa na serikali. Ada ya Hilde Back ilifungua mlango, na nyuma ya mlango kulikuwa na watu wa kufundisha. Juba mfadhili anapomlipia mtoto, mara nyingi humtoa shule ya umma na kumpeleka ya kulipia, au humvusha mpaka wa Nimule akasome Uganda, kama wanavyofanya wenye uwezo kwa watoto wao. Mtoto huyo ananufaika, hilo sibishani nalo. Darasa aliloliacha nyuma limebaki na watoto sabini na ubao, na limepoteza mzazi au mlezi ambaye angeweza kupiga kelele kwa niaba yake. Ikiwa lengo ni mtoto huyu mmoja unayemjua kwa jina, mlipie. Ikiwa lengo ni wale wa Custom kwa wingi wao, njia hiyo haitawafikia kamwe, hesabu zake hazikubali.

Wengine watasema mshahara wa mwalimu ni kazi ya serikali, na raia au mfanyabiashara akiubeba anaipa serikali ruhusa ya kulala. Kwa kanuni wako sahihi kabisa, na ningependa kuwaunga mkono. Tatizo ni kwamba serikali imelala bila kusubiri ruhusa ya mtu. Tumekuwa tukiijengea madarasa kwa miaka mingi, na kujenga darasa ni kazi yake pia. Mbona hoja hii husinzia linapokuja suala la matofali na kuamka linapokuja suala la mshahara? Hata hivyo hatari ipo, na dawa yake ni namna ya kulipa. Mchango uitwe posho, upangwe kwa muhula mmoja mmoja, utangazwe kwa kiwango, na kando yake iandikwe waziwazi kwamba mshahara wa serikali wa mwezi fulani umefika au haujafika. Mfadhili anayelipa kimyakimya anaficha deni la serikali. Akilipa huku deni limeandikwa ukutani, analidai.

Uganda ilishalionyesha hilo la kuandika ukutani. Watafiti Ritva Reinikka na Jakob Svensson waligundua kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995, katika kila shilingi 100 za ruzuku zilizotoka Kampala kwenda shule za msingi, wastani wa shilingi 13 tu ndizo zilizofika. Nyingine ziliishia wilayani. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kila kiasi kilichopelekwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika kwenye ubao wa matangazo walichopokea. Kufikia mwaka 2001 wastani uliofika shuleni ulikuwa kama shilingi 80. Wapo waliokosoa baadaye, wakasema magazeti hayakufanya kazi peke yake, maana miaka hiyo hiyo utaratibu mzima wa fedha za wilaya ulikuwa ukirekebishwa. Naukubali ukosoaji huo. Haubadili jambo la msingi: mwalimu mkuu na mzazi waliojua kiasi walichotumiwa walikuwa na la kuuliza, na waliokuwa hawajui hawakuwa nalo. Kwa hiyo anayeniambia kwamba fedha ya walimu Juba italiwa njiani, namjibu kwamba ndiyo maana haipaswi kuwa na njia ndefu. Tangu 2019 nchi ina huduma ya m-GURUSH ya kutuma fedha kwa simu. Posho itoke kwa mchangaji iingie kwa mwalimu, na orodha ya majina, siku alizofundisha na kiasi alicholipwa ibandikwe langoni mwa shule na mlangoni mwa kanisa, na kwa nini isibandikwe pia kwenye nguzo za stendi. Sare haina orodha ya namna hiyo. Mara ngapi umesikia mabegi 500 yamegawiwa, na ni nani aliyehesabu?

Tufanye hesabu ya mfano, tukikishika kiwango kile kile cha Umoja wa Ulaya. Shule yenye walimu 12 kwa dola 40 kila mmoja inahitaji dola 480 kwa mwezi, na kwa miezi tisa ya masomo ni dola 4,320. Wafanyabiashara 200 wakikubaliana, kila mmoja anatoa dola 2 na senti 40 kwa mwezi. Custom ina watu wanaojua kuchanga kuliko wahasibu wengi. Mwanamke anayeuza nyanya kwenye gunia ana chama chake, wenyeji wanakiita sanduk, na fedha huzunguka humo mwezi hadi mwezi bila karani na bila mahakama, kwa sababu kila mmoja anajua zamu ni ya nani na nani hajatoa. Utaratibu huo unaojenga vibanda na kuzika wafu unaweza kulipa mwalimu. Na hapa nawageukia wasomaji wetu walioko Juba, Wakenya, Waganda, Wakongo na Watanzania wenye maduka, gereji, saluni na mahoteli. Wengi watoto wao wanasoma Kampala, Nairobi au Arusha, na watauliza shule ya Juba inawahusu nini. Tangu 2016 Sudan Kusini ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na KCB imekuwa Juba tangu 2006, Equity tangu 2009. Tunapohesabu faida hatujioni wageni. Isitoshe mfanyabiashara mgeni anayesaidia mwalimu wa mtaa anamofanyia biashara hulala vizuri zaidi kuliko anayelipa mlinzi wa pili. Hiyo ni sababu ya ubinafsi, na inatosha kwa mwanzo.

Wakati nao unasukuma. Uingereza, iliyobeba mzigo mkubwa wa elimu ya wasichana nchini humo, ilitangaza Februari 2025 kwamba itapunguza msaada wake wa nje hadi asilimia 0.3 ya pato lake la taifa ifikapo 2027. Marekani ilivunja shirika lake la USAID mwaka huo huo. Wale waliokuwa wakiweza kulipa walimu maelfu kwa mkupuo wanafunga virago, na hakuna chama cha sokoni kitakachojaza nafasi yao. Kinachoweza kufanyika ni shule moja, kisha ya pili, zenye vitabu vya hesabu vilivyo wazi kiasi kwamba serikali ikipata fedha ya mafuta tena itakuta mahali pa kuanzia.

Sidai kwamba mwalimu akilipwa Custom itabaki bila watoto. Mpiga kiwi yule huenda ndiye anayelisha wadogo zake, na shule yenye mwalimu mzuri na bila chakula itampata nusu wiki. Wasichana wana vikwazo vyao ambavyo posho ya mwalimu haivigusi, na ndiyo maana GESS iliwapa fedha wao wenyewe. Kuna joto pia: Februari 2025 shule zilifungwa wiki mbili baada ya wanafunzi kuzirai Juba, na mwaka uliotangulia zilifungwa vilevile mwezi Machi. Paa la mabati tupu lililochangiwa kwa upendo mkubwa huchangia tatizo hilo, na siku ambayo mtu ataamua kujenga afikirie dari na miti. Ila uji, fedha za wasichana na madirisha makubwa vyote humpeleka mtoto mahali ambapo lazima mtu mzima awe amesimama mbele yake na chaki mkononi.

Kwa hiyo kamati yoyote itakayopita Custom na kitabu cha michango, kabla haijapokea noti ya kwanza, ianze kwa mwalimu mkuu na itoke na karatasi moja: majina ya walimu walio kwenye orodha ya serikali, ya wale wanaojitolea bila kuwa kwenye orodha hiyo, siku walizofika muhula uliopita, na miezi ambayo kila mmoja anadai. Mwalimu mkuu akikataa kuitoa, kamati iende shule nyingine.